Maporomoko Yasiyo na Mwashi

Katende Constant ameandikwa mjini Kamina mara nyingi kuliko mbunge yeyote. Jina lake liko juu ya milango, kwenye ngazi za shule, kwenye mifuniko ya mashimo ya choo, na kwenye makaburi mengi sana, hata mgeni asiyejua desturi angedhani ukoo wa Katende umekwisha kwa ugonjwa. Anapomaliza kazi, kabla saruji haijakauka, hutoa mfukoni msumari wa inchi nne na kuandika: KATENDE C., mwashi, mwaka, namba ya simu. Waashi wengi wa hapa hufanya hivyo. Yeye huandika hata chini ndani ya shimo la maji machafu, kana kwamba siku moja mkaguzi atashuka humo na tochi kutafuta fundi mzuri.

Sababu yake inajulikana na watu wote, na hakuna anayeitaja. Baba yake, mwashi wa reli aliyetoka Kasai, alijenga nyumba ya matofali nyuma ya stesheni, akaandika jina lake juu ya mlango. Mwaka 1993 familia ilipanda treni pamoja na majirani wengine walioambiwa ghafla kwamba kwao ni kwingine. Constant alikuwa na miaka kumi na saba. Alibeba pimamaji ya baba yake, ile ambayo Kamina tunaiita nivo, akaacha godoro. Mama yake alimkumbusha jambo hilo kwa miaka minane, kila walipolala chini huko Mwene-Ditu, Kasai.

Aliporudi, nyumba ilikuwa na watu wengine. Walimpokea vizuri, wakampa kiti na maji ya kunywa. Juu ya mlango jina la baba lilikuwa limefunikwa kwa plasta. Katende aliitazama plasta ile muda mrefu. Ilikuwa na mawimbi.

"Kama mulitaka kufunika," aliwaambia, "mungeniita miye."

Tangu siku hiyo hajawahi kujenga kitu kilichopinda, wala kuacha kitu bila jina. Ndiyo maana ilishangaza kidogo kwamba Maman Ariane alimwita yeye.

Maman Ariane Ngoie ana nyumba ya wageni kwenye barabara ya uwanja wa ndege, na nyuma yake bustani ambayo hukodishwa kwa harusi. Katika bustani mna bwawa dogo lenye samaki. Alipokuwa mwanafunzi alipelekwa kuona maporomoko ya Kiubo, na tangu hapo maji yaliyokaa kimya humuudhi kama mfanyakazi aliyeegemea ufagio. Sasa binti yake Exaucée alikuwa anaolewa, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Zilibaki wiki tano.

"Papa Katende," alisema, "nataka maji ianguke. Lakini ianguke sawa vile Mungu mwenyewe aliiweka pale."

"Itaanguka, Maman."

"Sikia muzuri. Siku ya harusi, muntu hata mumoja akiuliza 'Ni nani alijenga hii?', weye umeshindwa. Hakuna kuandika jina. Ukishindwa, naita Marc."

Marc alikuwa mfanyabiashara wa Lubumbashi anayeuza mawe ya plastiki. Alikuwa amemtumia picha kwenye simu: mawe matupu ndani, rangi ya chai ya maziwa, na mke wake akiwa amenyanyua moja kwa mkono mmoja huku akicheka.

"Na nikiweza?"

"Ukiweza, ukumbi mupya unaujenga weye. Ule utaangalia barabara. Pale juu ya mulango uandike jina lako mpaka uchoke."

Katende alitazama upande wa barabara. Malori hupita hapo, na mabasi, na kila mtu anayetoka au kwenda uwanja wa ndege. Alikubali.

Kazi ya kwanza ilichukua siku sita, na ilikuwa kazi nzuri sana. Mawe yalichongwa, yakapangwa vidato vitano, kila kidato sentimita ishirini na mbili, viungo vyote vikapigwa mwiko hadi vikang'aa. Maji yalishuka kwa upana sawa kutoka juu mpaka chini, kama kitambaa cha meza. Maman Ariane alileta kiti cha plastiki, akaketi mbele, akatazama.

"Ni escalier," alisema. "Nani atapanda? Samaki?"

Wapishi waliokuwa wakichambua majani ya sombe karibu na jiko walicheka mpaka mmoja akaomba radhi. Katende alichukua nyundo kubwa, akaanza kubomoa kuanzia kidato cha juu, na hakupumzika hadi cha mwisho. Kazi ya siku sita iliisha kabla ya chakula cha saa sita.

Nyumbani alimkuta mke wake, Mulanga, akigeuza mihogo katika mapipa nyuma ya nyumba. Mulanga huloweka mihogo, huianika na kuisaga, na unga wake unajulikana soko zima. Katende alimpa pimamaji.

"Funga hii mu sanduku yako. Ufunguo ukae nao weye."

Mulanga alijipangusa mikono. Katika miaka ishirini na minne ya ndoa alikuwa ameruhusiwa kukigusa kifaa kile mara mbili, na mara zote nyumba ilikuwa inavuja.

"Papa Jenny, uko mugonjwa?"

"Hapana. Funga tu. Nikikuomba, usinipe."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia."

Kesho yake alipanda baiskeli, akaenda kilomita thelathini hadi kijito kimoja ambacho ramani haijakitambua. Kilikuwa na mahali ambapo maji huanguka, si juu sana, kimo cha mtu. Akaketi kwenye jani kavu la mgomba na daftari la shule, akatazama tangu asubuhi mpaka saa kumi.

Katika mkoa wetu, mtu mzima akitazama mawe kwa siku nzima hawezi kuwa na sababu njema. Mama aliyekuwa akiosha sufuria alimuuliza ametumwa na kampuni gani. Saa tano alikuja mwakilishi wa chifu, amevaa koti.

"Ni madini gani?"

"Hakuna madini, Papa. Naangalia tu vile maji iko naanguka."

"Bote banasemaka vile."

Alipofunga daftari na kupanda baiskeli, wanaume watatu walikuwa wameshaanza kuchimba mahali alipokuwa ameketi.

Lakini daftari lilikuwa limejaa. Katende aligundua kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kuona jiwe likiwa limekaa lenyewe. Mawe makubwa ya kijito yalikuwa yamezama ardhini theluthi moja au zaidi. Hakuna hata moja lililowekwa juu ya udongo kama sahani mezani. Maji hayakuanza juu kabisa. Yalitokea katikati ya mawe mawili, kama mtu anayetoka nyumbani kwa mlango wa nyuma, na mawe mengine yalibaki juu yake, makavu, bila kazi yoyote. Hilo lilimsumbua: mawe bila kazi. Aliandika neno hilo na kulipigia mstari. Kisha maji yaligonga jiwe moja, yakagawanyika, sehemu kubwa ikaenda kushoto, na ile ndogo ikadondoka kulia kwa sauti tofauti. Hakuna kitu kilicholingana na kingine. Na hata hivyo hakikuonekana kibaya. Alilitafakari jambo hili njia nzima ya kurudi, na halikumfurahisha.

Akamwajiri Mputu amsaidie. Mputu ni koplo mstaafu, alitumikia jeshi miaka ishirini na sita, akamalizia la Base, kambi kubwa ya hapa. Mke wake anauza mikate ya kukaanga karibu na stesheni, na yeye mwenyewe hawezi kupita mbele ya mtu aliyevaa tai bila kunyoosha mgongo. Walikusanya mawe kwa mkokoteni, yale ya zamani yaliyolala shambani, si ya kuchonga. Kila jiwe Katende alimwambia Mputu alikumbuke lililala upande gani.

"Juu ya nini nikumbuke, Chef? Jiwe ni jiwe."

"Upande wa jua una rangi yake. Ukilipindua, kila muntu ataona eti limehamishwa."

Mputu, ambaye amehamishwa mara tisa na jeshi, alilielewa hilo mara moja.

Chini walitandika udongo wa kichuguu na kuushindilia mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Juu yake wakatandika mpira mweusi mnene, ule wa zamani uliokuwa ukibeba makaa kwenye migodi ya Luena, ambao Katende aliununua kwa mtu wa vyuma chakavu na ukafika kwa treni ukiwa umekunjwa kama mkeka. Kisha mchanga, kisha mawe. Pampu iliwekwa chini ya bwawa, na paneli mbili za sola juu ya bati la jiko, kwa sababu umeme wa mji una ratiba yake na haumwambii mtu. Katende aliweka kila jiwe kwa macho. Mara nyingi mkono wake wa kulia ulikwenda kiunoni kutafuta pimamaji, ukarudi mtupu.

Wiki ya nne wakawasha pampu. Maji yakapanda ndani ya bomba, yakatokea juu, yakaingia katikati ya mawe, na hayakuonekana tena. Bwawa likaanza kupungua. Samaki walitazamana.

"Chef," alisema Mputu, "maji imetoroka jeshi."

Yalikuwa yanapita nyuma ya mawe, yanashuka kwa siri na kutokea pembeni, nje ya mpira. Katende alitoa mawe yote, moja moja, akainua kingo za mpira pande mbili ziwe kama ukingo wa mtumbwi. Kisha akachanganya saruji na udongo wa kichuguu na makaa yaliyosagwa hadi mchanganyiko ukawa na rangi ya kivuli. Aliupachika nyuma ya mawe, ndani kabisa, kwa vidole, bila mwiko, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Maji yakikosa njia ya nyuma, yangelazimika kupita mbele. Ilimchukua siku tatu na ngozi ya vidole sita.

Jumanne kabla ya harusi maji yalianguka. Yalitokea katikati ya mawe mawili, yakagawanyika, makubwa kushoto, madogo kulia. Maman Ariane alileta kiti chake. Alitazama juu, akatazama chini, kwa muda ambao wapishi waliona ni wa hatari.

"Ni muzuri," alisema mwishowe. "Lakini inaonekana mupya kidogo."

Kutoka kwake hiyo ilikuwa sherehe. Jumatano Katende alikuwa ameahidi kujenga kaburi mahali pengine. Akamwachia Mputu neno moja: asafishe.

Ni lazima kumwelewa Mputu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipewa mawe, ndoo ya chokaa, na habari kwamba kuna mkubwa anakuja. Sasa aliona mawe. Alijua kuna wakubwa wanakuja, maana harusi ilikuwa na orodha ya wageni. Ndoo ya chokaa aliitafuta mwenyewe.

Alhamisi asubuhi Katende aliingia bustanini, akasimama. Mawe arobaini na moja yalikuwa meupe kama meno. Maji yalipita juu yake yakiwa na rangi ya maziwa, na samaki walikuwa wamepanda juu kuomba hewa. Mputu alikuwa amesimama kando, mikono nyuma.

"Mara mbili, Chef," alisema. "Mara moja haitoshaka."

Katende aligeuza mkokoteni juu chini, akaketi.

"Koplo," alisema, "wageni bakiona hii batasema nini?"

"Batasema hapa kuko mukubwa."

"Batauliza nani alipaka."

"Ndiyo, Chef," Mputu alisema, kwa unyenyekevu wa mtu anayesubiri kutajwa.

Walihamisha samaki kwenye beseni la kuogea la chumba namba nne, ambamo alilala mgeni mmoja, mkaguzi wa shule, aliyekuja baadaye kulalamika kwa maneno yaliyopangwa vizuri. Walizima pampu na kumwaga maji yote. Walisugua kwa brashi ya waya mpaka saa sita. Chokaa ilikuwa imeingia kwenye matundu ya mawe na ilikuwa na nia ya kukaa humo. Maman Ariane aliwatazama kutoka barazani, simu mkononi.

"Marc anasema lori yake inaweza kufika kesho mangaribi."

"Kesho mangaribi ni mbali, Maman," alisema Katende. "Mumwambie angojee kwanza."

"Angojee nini?"

Katende akaenda nyumbani kula, kwa sababu hata mtu asiye na jibu hula. Mulanga alimwekea bukari, ule ugali wa mihogo, akasikiliza habari yote huku akichuja mihogo.

"Ukuta wetu wa nyuma," alisema, "unaupakaka chokaa kila mwaka."

"Ndiyo. Na kila mwaka inatoka. Nilikuambia usimwage maji ya mihogo pale. Nilikuambia mara ngapi?"

"Mara mingi."

"Ile maji inakula chokaa."

"Njo vile," alikubali Mulanga, akaendelea kuchuja.

Katende aliacha tonge kwenye sahani. Ugomvi ule ulikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na kumbe siku zote ulikuwa unaelekea mahali fulani. Akatazama mapipa: manne, yote yamejaa maji ya mihogo ya siku nne, makali, yenye povu juu.

"Mama Jenny," alisema, "naomba."

"Leo unaomba. Mwaka jana uliita maji yangu adui."

"Ni adui. Naomba adui."

Walibeba maji hayo katika bidoni kumi na mbili kwa baiskeli mbili, Mputu akisukuma moja kama gari la silaha. Maji ya mihogo yalipogusa mawe, chokaa ilitoa sauti ndogo ya kuchemka, ikalegea, ikatoka. Walimwaga, wakangoja, wakasugua, wakamwaga tena. Siku ya Ijumaa saa tisa, mawe yalikuwa yamebadilika. Hayakurudi kama yalivyokuwa. Yalikuwa na mabaka ya kijivu na kahawia, michirizi mirefu, na katika nyufa mabaki meupe kidogo kama yale madoa yanayoota kwenye mawe ya zamani sana. Yalionekana yamepata shida kwa miaka mia. Walisuuza kila kitu mara nne, wakajaza bwawa upya, wakawatoa samaki chumba namba nne.

Maman Ariane alishuka bila kiti. Akanusa.

"Inanuka bukari."

"Itatoka, Maman. Na kama haitoki, bantu batasikia njaa. Ni harusi."

Aliingia ndani, akampigia Marc simu. Katende alisikia neno moja tu, nalo lilikuwa hapana.

Jumamosi jua lilikuwa kali tangu saa mbili, kama kawaida ya mwezi wa saba. Paneli zilifanya kazi, maji yakaanguka, makubwa kushoto, madogo kulia. Katende alikuja na suti ya kahawia na Mulanga wake, wakapewa viti safu ya nyuma. Alishika Fanta bila kuinywa. Masikio yake yote yalikuwa bwawani.

Wageni walifika, wakapiga picha. Exaucée alisimama mbele ya maji na gauni lake, na hakuna aliyesema chochote, ila mpiga picha aliyemwambia ainue kidevu. Kisha mjomba wa bwana harusi, mtu wa benki, akasema kwa sauti:

"Maman Ariane alikuwa na chance. Kupata source ya maji ndani ya parcelle yake."

"Ile ni ya zamani," alijibu mzee mmoja aliyevaa kofia. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, na hapa hakuna anayempinga kuhusu zamani. "Ilikuwa tangu Babeleji. Tukitoka masomo, tulikuwa tunakunywa pale."

Katende alishika chupa kwa mikono miwili. Katika dakika moja kazi yake ilikuwa imechukuliwa na bahati, kisha na Wabelgiji. Msumari wa inchi nne ulikuwa mfukoni mwa suti. Aliugusa, akatoa mkono. Alifungua mdomo. Akafikiria ukumbi na barabara. Akanywa Fanta.

Saa kumi na moja kasoro, kivuli cha paa la nyumba ya wageni kikafika kwenye paneli. Maji yakapungua. Ule mdondoko mdogo wa kulia ukakatika, kisha yale makubwa ya kushoto yakawa uzi, kisha hakuna. Watu waligeuka. Mtu wa benki alikunja uso kama anayetaka kuuliza. Kutoka meza ya wazazi, Maman Ariane alimtazama Katende, na Katende akatazama viatu vyake.

"Njo tabia yake," alisema mzee wa kofia, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kuku. "Kiangazi inalalaka mapema. Hata zamani ilikuwa vile."

Watu wakarudi kwenye chakula.

Walipokuwa wakiaga, Maman Ariane alimshika Katende kiwiko mlangoni.

"Hakuna aliyeuliza," alisema. "Siku ya lundi uje na daftari. Tupime ukumbi."

Njiani, kwenye njia panda ya soko, Mulanga alimgeukia.

"Jiwe la tatu kutoka juu," alisema. "Ile pana. Maji inapita pale sawa kabisa, hakuna upande inapenda. Ile ni mukono yako."

"Nivo ilikuwa kwako. Mu sanduku."

"Ilikuwa kwangu."

"Basi?"

"Basi, nimesema tu."

"Weye unaniuliza ni nani alijenga?"

"Siulize," alisema Mulanga. "Nasema."

Jumatatu alimwomba ufunguo, naye akampa bila kumliza. Bustanini Mputu alikuwa anangoja na mtaimbo begani. Katende alivua viatu, akaingia majini, akaweka pimamaji juu ya jiwe la tatu. Kiputo kilitembea kidogo, kikasimama katikati ya mistari miwili, na hakikutikisika. Aliigeuza upande mwingine. Katikati tena.

"Tuliinamishe, Chef?" aliuliza Mputu. Alikuwa tayari ameingiza ncha ya mtaimbo chini.

Katende alitazama jiwe, kisha kiputo, muda uleule aliotazama plasta ya watu wale mwaka aliorudi.

"Acha."

"Lakini liko sawa mno. Muntu anaweza kuona."

"Muntu mumoja ameshaona. Acha."

Akatoka majini, akavaa viatu, akaenda upande wa barabara ambako Maman Ariane alikuwa amepigilia vigingi vinne vya ukumbi. Kabla ya kuuliza urefu wala idadi ya madirisha, aliuliza upana wa boriti ya juu ya mlango.